Mkono Uliochomoka Tunis: Kuonyesha Mashine Mbele ya Walimu

Wenzetu wa kitengo wanaandaa wasilisho kuhusu matumizi ya simu na projekta katika kufundishia Kiswahili, litakalosomwa katika kongamano la waelimishaji mwaka ujao. Tumeombwa tuwe miongoni mwa watakaolisoma, na tumeombwa pia tuandike neno kuhusu jambo hilo katika jarida letu. Badala ya kueleza slaidi zitakuwa ngapi na nani atashika kipazasauti, tumeona heri tuwarudishe wasomaji nyuma kidogo. Kazi hii ya kusimama mbele ya walimu na kuwaonyesha mashine ya kufundishia imekwisha kutimiza miaka mia moja, na waliotutangulia wameacha nyayo ambazo si vibaya kuzikagua kabla ya kuwasha projekta.

Tuanze na mkono.

Mnamo Novemba 2005, mjini Tunis, kulifanyika mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari. Nicholas Negroponte, mmoja wa waanzilishi wa Media Lab ya chuo cha MIT huko Marekani, alisimama pamoja na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, wakaonyesha kompyuta ndogo ya rangi ya kijani mbele ya waandishi wa habari. Ilisemwa kwamba itauzwa dola 100, na kwamba kila mtoto wa nchi maskini atapata yake. Ubavuni ilikuwa na mkono wa manjano wa kuzungusha, mfano wa ule wa cherehani ya mkono. Mtoto asiye na umeme nyumbani angeuzungusha mkono huo, na kompyuta ingepata nguvu ya kufanyia kazi. Annan alipoujaribu, mkono ukachomoka.

Wengi walicheka, na kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Sisi tunaona kwamba katika mkutano ule mzima huenda hakuna aliyesema ukweli mwingi kuliko mkono ule. Ukiuzungusha mkono uliofungwa kwenye mwili wa kompyuta yenyewe, nguvu yote unayoitia inaitikisa kompyuta na kuichosha mahali pale mkono uliposhikiziwa. Cherehani hustahimili kwa kuwa ni ya chuma na imekaa mezani. Kompyuta ile ilikuwa ya plastiki, nyepesi, ya kupakatwa na mtoto. Wahandisi walilitambua hilo, na kompyuta ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, kwa jina la XO, haikuwa na mkono. Ilitaka umeme wa ukutani au wa jua, kama kifaa kingine chochote. Bei nayo ilikuwa karibu dola 200. Hata hivyo, picha ya kompyuta ya kijani yenye mkono wa manjano iliendelea kuzunguka magazetini na katika mawasilisho kwa muda mrefu, na sisi wenyewe tulikutana nayo kwenye slaidi za warsha wakati mkono ulikwisha kuondolewa zamani.

Tutarudi kwenye XO, kwa sababu ilifika hapa kwetu Rwanda. Lakini kwanza tumtazame aliyeanza mapema zaidi.

Sidney Pressey alikuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka 1924, katika mkutano wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani mjini Washington, alionyesha kisanduku kilichofanana na taipureta. Kilikuwa na kidirisha kilichoonyesha swali lenye majibu manne, na vibonyezo vinne chini yake. Mwanafunzi akibonyeza, mashine inahesabu. Palikuwa pia na kitufe cha kubadili kazi: kikigeuzwa, mashine haisogei mpaka jibu sahihi lipatikane, yaani inageuka kutoka kusahihisha na kuwa ya kufundisha. Mwaka uliofuata alirudi na mashine iliyoboreshwa. Alikuwa hata na kifaa cha kuongezea kilichotoa peremende mwanafunzi alipofikisha idadi fulani ya majibu sahihi, na bila shaka hicho ndicho ambacho wahudhuriaji wangeenda kuwasimulia watoto wao nyumbani. Kampuni moja ya Chicago ilikubali kuitengeneza. Haikununuliwa kwa wingi. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, shule hazikuwa na fedha, na walimu wasio na kazi walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyetafuta mashine ya kuwapunguza. Mwaka 1932 Pressey aliandika kwamba anaiacha kazi hiyo.

Miongo miwili baadaye jambo lile lile likazuka upya, na aliyelizusha hakujua kwamba Pressey ametangulia. B. F. Skinner wa Harvard alikwenda kutembelea darasa la binti yake mwezi Novemba 1953, siku ambayo wazazi walikaribishwa shuleni. Alikaa nyuma akitazama somo la hesabu. Aliona watoto waliomaliza mapema wakikaa bure, na watoto walioshindwa wakihangaika. Na wote, waliopata na waliokosa, hawangejua matokeo yao mpaka mwalimu akachukue madaftari na kuyasahihisha. Akaenda nyumbani akaanza kuunda mashine. Machi 1954, miezi minne tu baadaye, alikwisha kuionyesha katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Habari zikaenea, Pressey akamwandikia, na Skinner katika makala yake ya mwaka 1958 akamtaja kama mtangulizi wake. Baadaye alihangaika sana na makampuni yaliyoahidi kuitengeneza mashine hiyo na kisha kusuasua.

Hatupendi kumdhihaki Skinner, kwani alifanya jambo ambalo wengi wa wanaowasilisha mada za teknolojia hawalifanyi: alianza kwa kukaa nyuma ya darasa. Swali lake lilikuwa swali la mwalimu. Kila aliyewahi kubeba insha 120 za mwaka wa kwanza kwenda nazo nyumbani siku ya Ijumaa analijua. Lakini kutoka kwenye kiti kile cha nyuma hadi jukwaa la Pittsburgh ilikuwa miezi minne, na katika miezi hiyo mashine ilipata muda wa kutosha kuonekana vizuri, si kuishi na watoto kipindi kimoja baada ya kingine.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao hauonyeshwi sana, pengine kwa sababu hauna cha kuonyesha. Mwaka 1974 huko Nikaragua ulianza mradi wa kufundisha hesabu kwa redio, ukiongozwa na watafiti wa Stanford pamoja na wizara ya elimu ya nchi hiyo. Sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza sekunde chache ili watoto wajibu kwa pamoja, kisha ikataja jibu. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa uvumbuzi. Watazamaji walikaa madarasani, wakaandika mahali ambapo watoto walikawia, walipochoka, walipojibu kabla ya wakati. Na vipindi vikaandikwa upya. Njia hiyo hiyo ililetwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufundisha Kiingereza katika madarasa matatu ya mwanzo, na wanafunzi waliofundishwa hivyo walifanya vizuri zaidi katika kusikiliza na kusoma kuliko wenzao waliofundishwa kama kawaida. Ukienda kongamanoni na habari hiyo utaonyesha nini? Redio juu ya meza, betri zake, na mwalimu aliyesimama kando. Hakuna atakayetoa simu yake kupiga picha.

Sasa turudi kwa XO. Negroponte na mwenzake Seymour Papert, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Afrika Kusini, walikuwa na wazo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1982 walipeleka kompyuta kwa watoto wa Dakar, Senegal, katika mradi uliosimamiwa kutoka Paris, na mradi ule ulikatika kabla ya kukomaa. Imani yao, kwa ufupi, ilikuwa kwamba mtoto akipewa kompyuta yake mwenyewe atajifunza kwa kuchezea na kuunda, na kwamba mwalimu si lazima awe mlango wa kupitia. Ni imani yenye mvuto. Mtu yeyote aliyemwona mtoto wa miaka sita akifungua simu ya mzazi wake anaielewa.

Rwanda ilijiunga na mpango huo mapema, na katika miaka iliyofuata zaidi ya kompyuta 200,000 ziligawiwa kwa shule za msingi. Hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokwenda mbali kiasi hicho. Wakati huo huo, mwaka 2008, serikali iliamua kwamba lugha ya kufundishia iwe Kiingereza, na uamuzi huo ukaanza kutekelezwa mwaka 2009. Wasomaji waliokuwa shuleni wakati ule hawahitaji kuelezwa: mwalimu aliyefunzwa kwa Kifaransa alipokea mtaala wa Kiingereza kwa mkono mmoja na kompyuta kwa mkono mwingine.

Tulipokuwa tukiwasimamia wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule moja ya msingi ambayo hatutaitaja. Kompyuta zilikuwamo kabatini, zimepangwa wima kama vitabu, safi kabisa. Ufunguo ulikuwa na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni. Mwalimu wa darasa la nne alitueleza, kwa sauti ya chini, kwamba ufunguo haukufichwa kwa ubaya. Kila kompyuta ilikuwa na namba katika daftari la mali, na hakuna aliyekuwa na hakika iwapo moja ikipotea au ikivunjika nani atailipa. Soketi zilikuwa ofisini peke yake, mbili. Kuzichaji kompyuta za darasa zima kulichukua siku kadhaa, na zile za kwanza zilikuwa zimeanza kuisha nguvu za mwisho zilipojaa.

Lakini mwalimu yule yule alitusimulia jambo ambalo halikuwamo katika mwongozo wowote. Kipindi kimoja ufunguo ulipopatikana, aliwatoa watoto kwenye bustani ya shule wapige picha mahindi, kwa kuwa XO ina kamera, na kila baada ya wiki moja wapige tena mmea ule ule. Mahindi yalipokomaa walikuwa na hadithi ya mahindi kwa picha, na chini ya kila picha waliandika sentensi kwa Kinyarwanda na nyingine kwa Kiingereza. Tulimuuliza kama amewahi kulieleza hilo katika warsha. Akasema kwenye warsha huwa wanaelezwa, hawaulizwi.

Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilitoa matokeo ya utafiti wa Peru, nchi iliyonunua XO nyingi kuliko nyingine yoyote. Watafiti walifuatilia shule 319 za vijijini, wakalinganisha zilizopata kompyuta na zisizopata. Hawakuona tofauti katika alama za hisabati wala za lugha, ingawa waliona manufaa kidogo katika vipimo vingine vya akili. Wako waliolichukua hilo kama hukumu ya mwisho. Sisi hatuko tayari kwenda mbali hivyo. Tunasema tu kwamba kati ya jukwaa la Tunis na matokeo ya Peru ilipita miaka saba, na katika miaka hiyo fedha nyingi zilitoka kwa nguvu ya picha.

Kwa upande wa makongamano, kanda yetu haijabaki nyuma. eLearning Africa ilianza Addis Ababa mwaka 2006, ikaja Nairobi 2007, Dar es Salaam 2011, Kampala 2014 na Kigali 2018, na imerudi Kigali tena baada ya hapo. Walimu wa Kiswahili nao wana makongamano yao, na karibu kila mwaka utakuta mada mbili tatu zenye neno TEHAMA katika kichwa. Tumeandika baadhi yake. Na hapa ndipo tunapolazimika kutoka kwa Pressey na Skinner na kujizungumzia wenyewe.

Mwaka 2014 tuliwasilisha mada katika kongamano moja la walimu wa Kiswahili lililofanyika Tanzania. Tulikuwa bado wageni katika ualimu wa chuo, tumerudi na shahada ya uzamili tukiwa na moto. Mada ilihusu kufundisha ngeli za nomino kwa simu ya mkononi: nomino inaonyeshwa ukutani kwa projekta, kila mwanafunzi anatuma jibu kwa ujumbe mfupi, na baada ya nusu dakika jedwali la majibu linatokea mbele ya darasa. Tulikuwa na video ya dakika 4. Slaidi ya kwanza tuliandika 'tarakilishi', na wenyeji wetu wakatabasamu, kwa kuwa wao husema kompyuta na hawaoni sababu ya kusema vinginevyo. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Video ilionyesha wanafunzi nadhifu, simu zinawaka, jedwali linajaa, nyuso zinafurahi. Tulipigiwa makofi.

Wakati wa maswali alisimama mwalimu mmoja wa sekondari, mama mtu mzima aliyevaa kitenge, miwani ikining'inia shingoni. Tukamwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Hongera sana, mwanangu. Nina swali dogo tu. Somo hilo mlilirekodi mara ngapi?"

Jibu la kweli lilikuwa mara tatu. Mara ya kwanza mtandao ulipotea. Mara ya pili nusu ya wanafunzi hawakuwa na salio. Mara ya tatu tulinunua vocha kwa fedha zetu, tukachagua wanafunzi 18 kati ya 64, wale wenye simu nzuri, na tukawapa nomino zile zile walizokwisha kuzijibu mara mbili. Tulichomjibu yule mama ni kwamba tulirekodi mara kadhaa kwa ajili ya ubora wa picha. Akasema, "Asante, mwanangu," akaketi. Hakuongeza neno.

Saa ya chai tulimfuata, hatujui kwa nini, labda kwa kuwa macho yake yalikuwa hayajatuacha. Alitueleza kwamba darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 90 na kwamba teknolojia yake ni redio kaseti moja. Huwarekodi wanafunzi wakisimulia hadithi za kwao, na kipindi kinachofuata huwachezea wasikie makosa yao ya upatanisho wa kisarufi kwa masikio yao wenyewe. Kaseti tupu zimekuwa adimu, kwa hiyo hurekodi juu ya zile zile. Tulimsikiliza, tukanywa chai, tukaagana. Katika ripoti ya safari tuliyoiandikia idara tulieleza makofi. Yule mama hatukumtaja, wala kaseti zake.

Tunaliandika hili sasa kwa sababu wasilisho linaloandaliwa lina video pia, na tumeombwa tusaidie kuihariri. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017, wanafunzi wetu wameongezeka, na wale watakaokaa kutusikiliza ni walimu watakaopewa madarasa makubwa kuliko yetu. Baadhi yao wataenda kuwaomba wakuu wao projekta kwa sababu ya tutakachowaonyesha. Tumependekeza kwamba kila kipande cha video kiandikwe chini yake idadi ya wanafunzi waliokuwamo darasani, gharama ya salio na nani aliyeilipa, na kwamba rekodi zilizoharibika zionyeshwe pia. Mwenzetu mmoja amesema hiyo ni kujianika hadharani. Mwingine, kijana, ameuliza kama kamati ya kongamano itaikubali mada inayoonyesha kushindwa. Kikao kiliahirishwa bila kuafikiana.

Katika kutafuta picha za zamani tumeikuta ile rekodi ya kwanza ya mwaka 2014, ambayo tulidhani tumekwisha kuifuta. Ina dakika 11. Kwa sehemu kubwa tunaonekana sisi, tumesimama dirishani, simu juu, tukitafuta mtandao. Ukutani nyuma yetu projekta imeganda kwenye nomino moja: kifaru. Mwanafunzi mmoja anasema, "Kifaru kile." Mwingine anamkatiza, "Kifaru yule! Ni mnyama, anaingia A-WA." Wa tatu, kutoka nyuma, anasema inategemea, kwa maana kifaru cha jeshi si mnyama, na hicho ni kile. Wanaanza kubishana darasa zima, wote 64, wakitunga sentensi za vifaru wanaokula majani na vifaru vinavyopiga mizinga. Sisi hatugeuki hata mara moja. Bado tumeinua simu.

Katika rekodi ya tatu, ile tuliyoionyesha Tanzania, nomino hiyo hiyo ilitokea. Wanafunzi wote 18 walituma A-WA, jedwali likajaa upande mmoja, na tukaenda kwenye nomino iliyofuata.